Chumba cha Gundi

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama mkwe wangu anasema siku nikifa watanizika mara mbili, kwanza mwili, halafu mdomo. Kwa hiyo viatu vilipoanza kutoka vimepinda kwenye karakana yetu, sikukaa kimya nikangoja vijinyooshe vyenyewe.

Karakana yetu ndiyo nyumba yetu. Vyumba vya mbele ni vya kazi, vya nyuma ni vya kulala, katikati kuna ua. Mama mkwe anakaa mlangoni penye mwanga, anakata ngozi kwa kisu kifupi ambacho haruhusu mtu mwingine akiguse. Vipande anavyokata vinakuja kwangu. Mimi na cherehani yangu tunaviunga, tunatia bitana kwa ndani, tunatoboa vitundu vya kamba. Nikimaliza, kile kitu bado si kiatu. Ni soksi ya ngozi isiyo na chini. Hapo nampa mume wangu. Yeye anakivalisha kalibu, yaani ule mguu wa mti, anavuta ngozi kwa koleo mpaka ilale vizuri, anaishikiza kwa misumari midogo, halafu anaingia chumba cha gundi kubandika soli. Kwa sababu ya kuvuta huko mtaa mzima unamwita Koleo. Hata mama yake aliyemzaa anamwita Koleo.

Sasa, kila kiatu kina mshono wa nyuma, pale kisiginoni. Mshono ule lazima usimame wima, katikati, usiende kulia wala kushoto. Ukimwona mtu anatembea mbele yako, mshono wa nyuma ndio unaokuambia kama fundi wake siku ile alikuwa na akili zake. Na Koleo hakuwahi kuukosea. Ungeweza kumwamsha usingizini ukampa kalibu na ngozi, angekuvutia kiatu kilichonyooka, halafu akarudi kulala.

Basi nikaanza kuona mishono imelala upande. Kimoja, nikanyamaza. Jozi nzima, nikamfuata.

"Koleo, hiki nini?"

"Kiatu."

"Mshono uko wapi?"

Akakigeuza, akakitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Ushonaji wako umelegea," akasema. "Ngozi inanikimbia."

"Inakukimbia? Tangu lini ngozi ikaota miguu?"

"Mimi nimekuambia ninachokiona."

Mama mkwe akadakia kutoka mlangoni. "Nyinyi mnagombana, anayevutwa masikio ni ng'ombe wa watu, tena marehemu. Hiyo ngozi nimeikata mimi. Imewakosea nini?"

Nilijua, au nilidhani najua, kisa chenyewe. Miezi kadhaa nyuma Koleo alinunua mashine ya kubana soli bila kuniambia. Niliona tu mkokoteni unaingia uani na lile dude juu yake, limefungwa kamba, na mume wangu nyuma anatabasamu. Nilimpa vidonge vyake palepale, mbele ya mwenye mkokoteni, na vidonge vyenyewe havikuwa vitamu. Tangu siku ile tukawa tunaongea kwa kupimiana maneno. Kwa hiyo mishono ilipoanza kulala nikasema moyoni, huyu anafanya makusudi. Ananilipa. Anataka kazi ya mkono wangu ionekane mbovu.

Nikaanza kumchunguza. Nikaona mengine. Koleo lilikuwa linamponyoka, linaanguka sakafuni, analiokota, linaanguka tena. Alivunja vikombe. Mashati ya vifungo aliyaacha yote kabatini, akawa mtu wa fulana tu, na nilipomuuliza akasema ni joto. Alikuwa anajikwaa kwenye kizingiti ambacho amekivuka tangu utotoni. Nikasema, aha, kumbe ni pombe. Nikawa namsogelea kwa ujanja ninuse pumzi yake. Haikuwa na pombe. Ilinuka gundi.

Harufu ile tulikuwa tumeizoea. Mgeni akiingia anakunja pua na kukohoa, sisi tunamcheka, tunamwambia hiyo ndiyo harufu ya riziki. Chumba cha gundi madirisha yake yalikuwa hayafunguliwi. Soli ikishapakwa gundi inatakiwa ikae kwanza, ikauke kidogo, ndiyo ibandikwe, na katika kukaa huko vumbi likiigusa basi umeharibu kazi, haitashika. Koleo alikuwa ameziba nyufa zote za madirisha kwa vipande vya ngozi, vizuri, kwa ustadi wake. Wateja walikuwa wanasema viatu vya pale kwa Koleo havibanduki hata ufanyeje, naye akisikia hivyo anazidi kuziba. Alikuwa anashinda humo.

Siku nilipojua ukweli ilikuwa asubuhi ya kawaida kabisa. Nimekaa kizingitini nakata nyuzi zilizobaki kwenye mishono. Koleo akatoka chumba cha gundi amebeba beseni la kalibu, anakatisha ua kwenda bombani. Katikati ya ua kandambili yake ya kushoto ikabaki nyuma. Yeye akaendelea. Mguu mmoja umevaa, mwingine peku, na hakupunguza mwendo wala hakutazama chini. Nikafungua mdomo nimtanie. Ndipo nikaona kwamba kila alipokanyaga kwa ule mguu mtupu anaacha tone la damu kwenye saruji.

"Koleo, simama."

"Nini tena?"

"Kaa hapo kwenye ndoo."

"Nina kazi mimi."

"Nimesema kaa."

Labda sauti yangu ilikuwa tofauti, maana alikaa. Nikauinua mguu wake nikaupakata. Msumari mdogo wa kuvutia ngozi ulikuwa umezama kisiginoni hadi kichwa. Koleo lake lilikuwa mfukoni mwake, nikalichomoa, nikaubana ule msumari, nikaung'oa. Mtu yeyote angeruka. Yeye alikuwa ananitazama tu usoni, ametulia kama mtu anayesubiri kinyozi amalize.

"Hukusikia?"

"Nilisikia kidogo."

"Koleo."

Akageuza uso. "Sikusikia," akasema.

"Tangu lini?"

"Miguu ilianza kabla ya mvua. Vidole vya mikono vimefuata."

"Na ukanyamaza."

"Ningesema, ungefanya nini? Ungenishonea vingine?"

Hasira zilikuja kwanza, maana hizo huwa ninazo karibu. Hofu ilikuja nyuma yake, na hofu ndiyo iliyobaki. Nilielewa na ile mishono. Fundi wa kuvuta ngozi hautafuti mshono kwa macho, anautafuta kwa kidole gumba. Anausukuma mpaka gumba limwambie sasa uko katikati. Gumba la mume wangu lilikuwa limekufa ganzi, halimwambii tena kitu, naye alikuwa anabahatisha. Mimi huku namtungia pombe na visasi.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yetu na kisu chake mkononi. "Mficha maradhi, kilio kitamuumbua," akamwambia mwanawe, taratibu, bila ukali. Halafu akaingia ndani kuvaa viatu vyake vya kutokea.

Hospitalini tulimkuta daktari msichana, nadhani hata wifi yangu wa mwisho anamzidi umri. Alimlaza Koleo kitandani, akampiga magotini kwa kinyundo cha mpira, akachukua pamba.

"Kaka, fumba macho. Kila nikikugusa, sema ndiyo."

Akagusa dole gumba la mguu. Kimya. Akagusa unyayo. Kimya. Akashusha mkono, akasubiri.

"Ndiyo," akasema Koleo.

Hakuna aliyekuwa amemgusa. Mama mkwe akanishika mkono na kuubana. Daktari hakumsahihisha, aliendelea tu, akapanda hadi chini ya goti, na huko ndiko Koleo alikoanza kusema ndiyo za kweli.

"Unafanya kazi gani?"

"Fundi viatu."

"Unatumia gundi?"

"Kuna kiatu bila gundi?"

"Na hicho chumba unachofanyia kazi kina madirisha?"

Hapo nilijibu mimi. "Yapo, tunayafunga. Vumbi likiingia soli zinabanduka."

Daktari akaweka kalamu mezani. Akatueleza kwamba baadhi ya gundi za viatu zina dawa ya kuyeyushia, na mvuke wake mtu akiuvuta kila siku ndani ya chumba kilichofungwa, unakula neva za miguu na mikono. Akiendelea, hata kutembea anaweza kushindwa. Akiiacha kabisa, hisia zinaweza kurudi, polepole sana, na hata baada ya kuacha hali inaweza kwanza kuwa mbaya zaidi ndiyo ianze nafuu.

"Hakuna sindano ya kitu hiki?" akauliza mama mkwe.

"Hakuna, mama. Dawa yake ni kuiacha hiyo gundi. Na kila siku mtu amkague miguu, maana yeye akiumia hatajua."

Tulipokaribia nyumbani Koleo alisimama njiani. "Gundi ndiyo kazi yangu," akasema.

"Kazi yako ni viatu," nikamjibu. "Usichanganye."

Nilipofika sikuvua hata kilemba. Nilitoa makopo yote ya gundi, nikayaondoa kwenye nyumba ile, nikang'oa vile vipande vya ngozi madirishani, nikafunga mlango kwa kufuli, na ufunguo nikauning'iniza shingoni. Koleo alisimama ananitazama. Najua alikuwa anasubiri niulize swali ambalo hata mimi sikuwa na jibu lake, kwamba sasa soli tutazishikisha na nini.

Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Kwani kabla ya gundi watu walikuwa wanatembea peku?"

Kule stoo, chini ya magunia, kulikuwa na mashine ya kushonea soli. Nilikuwa naiona miaka yote nikidhani ni chuma chakavu. Ni mashine nzito, nyeusi, ina gurudumu la kuzungushwa kwa mkono na pembe ndefu unayoivalisha kiatu, ili sindano ipite kwenye soli na kutokea ndani. Mama mkwe na marehemu baba mkwe walikuwa wanaifanyia kazi wawili, mmoja anazungusha, mwingine anageuza kiatu. Tuliiosha kwa mafuta ya taa mpaka mikono ikachubuka. Uzi wake lazima upite kwenye nta ya moto, la sivyo unaoza ukipata maji. Sindano yake ina ndoano, na ukigeuza kiatu kabla haijatoka, inakatika na wewe unatukanwa na mama mkwe. Nilitukanwa sana. Shule iliyokuwa imeagiza viatu tuliiambia ukweli, kwamba vitachelewa na vitakuja vimeshonwa, na mwalimu mkuu akasema vikishonwa afadhali, watoto wale wanapiga mateke hadi mawe.

Koleo alikaa kwenye kiti uani anatusimanga. "Mnashona magunia hayo."

"Gunia halibanduki, baba," akajibu mama yake. "Na wahenga walishasema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

Utani huo haukumchekesha. Lakini kesho yake kiti kilikuwa kimesogea karibu na mashine, na kesho kutwa alikuwa anatuambia wapi tumekaza mno.

Kila jioni kabla giza halijaingia nilimkagua miguu. Hakupenda. Alikuwa anatazama ukutani, mimi naosha, naangalia katikati ya vidole, natafuta malengelenge. Na hali ilizidi kuwa mbaya, kama daktari alivyosema. Akawa hawezi kufungua bomba. Akawa anashika kijiko kwa ngumi, na akiniona namtazama anakiweka chini, anasema ameshiba.

"Nimeacha gundi," akaniambia, "na bado. Daktari wako amekudanganya."

"Alisema itazidi kwanza."

"Alisema, alisema. Unamwamini mtoto yule kuliko mimi niliye na mikono yenyewe."

Nilikuwa naogopa siku moja atanishinda kwa maneno, na siku hiyo ikafika. Mchana mmoja akaja tulipo, amesimama wima, amevaa shati la vifungo. Vifungo vyote amevifunga mwenyewe.

"Nimepona," akasema. "Lete ufunguo. Kesho nafungua chumba."

"Umepona wapi?"

"Nasikia kila kitu. Leo nimeshika kikombe, nimesikia moto."

Mama yake akaweka kisu chini. "Koleo, mwanangu, sikio la kufa halisikii dawa."

"Mama, chumba ni changu, mashine nimenunua mimi, inaota kutu. Nyinyi mnashona jozi mbili kwa muda ambao mimi ningebandika ishirini. Mnataka niwe mtu wa kukaa kitini mpaka lini? Asiponipa ufunguo nitavunja kufuli."

Na angevunja. Mtu mzima huwezi kumfunga kamba mguuni. Halafu, niseme kweli, lile shati lilinichanganya. Vifungo vile vidogo vya kola hata mimi hunisumbua. Nikafikiri, labda kweli. Nilitaka sana iwe kweli.

Nikamwambia, "Sawa. Lakini kwanza jaribu hivi."

Nilikuwa nimemtengenezea viatu. Kinyozi hajinyoi, na mume wangu maisha yake yote amevisha watu viatu, mwenyewe anavaa kandambili, na kandambili sasa zilikuwa zinamtoka bila yeye kujua. Mama mkwe alikata ngozi ya kahawia, laini. Nilishona mimi, nikavuta mimi kwenye kalibu, nikaacha nafasi ya kutosha vidoleni kwa sababu miguu yake ilikuwa inavimba jioni. Vilipanda juu ya kifundo na vina kamba, vikishafungwa haviponyoki. Soli tulikuwa tumemaliza kuishona asubuhi ileile.

Nikapiga magoti nikamvalisha, nikafunga kamba. Akatembea hadi getini, akarudi, akaenda tena, akarudi. Alitembea vizuri.

"Vipi?"

"Viko sawa."

"Havibani popote?"

"Hata kidogo. Vimekaa kama nimezaliwa navyo." Akaviinamia, akavitazama. "Umeshona vizuri, mke wangu. Vizuri sana."

Tangu tuoane Koleo hajawahi kuniambia hivyo. Kiatu changu kikiwa kizuri kupita vyote, anasema kinafaa. Basi nikafurahi kijinga, machozi yakanilengalenga, na nikamwamini. Nilivua ule ufunguo shingoni. Nilikuwa nao kiganjani, nataka kumpa.

"Kivue hiki kimoja kwanza," nikasema, "nikipitishe nta, mshono haujashiba."

Akakivua cha kushoto. Unapopaka kiatu nta unaingiza mkono mmoja ndani ukishike vizuri. Nikaingiza mkono, vidole vikafika puani mwa kiatu, vikagonga kitu.

Kiatu kipya tukishakitoa kwenye kalibu tunasokota vipande vya bitana tunavijaza puani ili pasibonyee. Kabla ya mtu kuvaa, unavitoa. Cha kulia nilikitoa. Cha kushoto, sijui nani aliniita, nilisahau. Nikalichomoa lile donge. Lilikuwa limekandamizwa na vidole vyake mpaka limekuwa gumu kama kokwa. Mtu mwenye mguu unaosikia asingefika nalo hata kwenye ndoo ya maji, na yeye amekwenda nalo getini mara mbili.

Mama mkwe aliliona, akafunika mdomo kwa upindo wa nguo yake. Koleo akanyoosha mkono nikampa. Akaligeuza geuza kwa vidole vile.

"Lilikuwa humu muda wote?"

"Muda wote."

"Na hili shati," akasema, "nilianza kulifunga alfajiri. Kwa macho. Nimelifunga kwa kioo."

Nilikuwa nimekaa chini na kiatu mapajani, na ufunguo uko wazi mkononi, yeye anauona. Hakuuomba.

"Naogopa," akasema. "Naogopa sana, mke wangu."

"Hata mimi."

Akakaa kwenye ndoo. Akainama kufungua kamba za kiatu cha kulia, vidole vikamshinda, akauacha mguu ulivyo, akaunyoosha mpaka kwangu.

"Angalia na hiki," akasema.

Donge la hicho nilikuwa nimelitoa kwa mkono wangu, nilijua hakina kitu. Nilifungua kamba, nikakivua, nikaingiza mkono hadi mwisho, nikapapasa mshono mmoja mmoja, kwa sababu alikuwa anasubiri nimwambie.